Parlano kwa Muhuri

Jumatatu, 3 Juni
Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi kwa heshima ya wazazi wako: usimwambie mtu. Hata neno moja! Mzee, yaani mkurugenzi wetu, ametangaza kwamba Waitaliano wanakuja kuona kiwanda. Ijumaa mimi wa masjala na Dada wa Simu, sote vibarua, tutasoma mbele yake ukurasa wa Kiitaliano. Atakayesoma vizuri zaidi atapewa mkataba wa kazi. Mwingine aage.

Jumanne, 4 Juni
Nimemsikiliza Dada akijifunza mezani kwake, kati ya simu na simu. Nimebaki mdomo wazi. Anakata neno vipande, par-la-no, yaani "wanazungumza", kisha uzito wote anautua mwanzoni. PAR! Vingine vinafuata vyepesi, kama watoto nyuma ya mama yao. Ulimi wangu unakandamiza kipande cha pili kutoka mwisho, kama tunavyosema nyumbani siku zote. Par-LA-no! Akacheka, akaniambia: mdogo wangu, unamkanyaga asiyehusika. Namchukia. Sauti kama ile sijapata kuisikia.

Jumatano, 5 Juni
Mbinu! Mkono utaufundisha ulimi. Nikachukua muhuri wa masjala na rundo la karatasi chakavu. Kipande chenye mkazo, pigo zito; vingine, mapigo mepesi. PAR-la-no. SCRI-vo-no, "wanaandika". Macho nimefumba. Saa nzima. Safi kabisa!

Alhamisi, 6 Juni
Mtunza stoo amenishika mkono kwa mikono yote miwili, akaniombea maisha marefu. Kisha dereva. Kisha mpiga chapa. Kisha wapishi wote wa kantini. Nikaenda kutazama zile karatasi. Hazikuwa chakavu. Ni maombi ya likizo, na muhuri unasema IMEKUBALIWA. Mengine yamekubaliwa mara sita! Nimeurudisha muhuri mahali pake. Nimekunywa maji.

Ijumaa, 7 Juni
Mbele ya Mzee mkono ulipiga hewa, ulimi ukarudi kwao. Par-LA-no. Dada akasoma, Mzee akavua miwani. Sisemi uongo: ilikuwa nzuri mno. Mkataba ni wake. Mzee akaniambia, kijana, kusanya vitu vyako. Akatoka kutafuta wa kuchapa barua yangu ya kuachishwa. Hakuna mtu. Tisa wako likizo. Akarudi taratibu, akauliza kama naweza kuchapa, kutunza stoo na kupika. Nikasema naweza, akanipa miezi mitatu.

Jumamosi, 8 Juni
Miezi mitatu kazini! Mbinu yangu imefaulu. Sasa vitenzi vigumu: te-LE-fo-na-no, "wanapiga simu". Dada anakitamka kama anayeteremka ngazi akicheza. Muhuri wa masjala ni mdogo kwa neno lile. Nimeuona wa Mzee mwenyewe, wa chuma, droo ya juu, na karatasi nyingi kando yake zinazoonekana hazina kazi.

Ukinihitaji, usipige simu ofisini: atapokea Dada. Pitia mlango wa nyuma wa kantini, uulizie mpishi mpya. Usile chochote.