Foronya ya Bibi Liu

Jumatatu, 6 Januari
Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Bomba la uani limeganda. Mwanangu Guobin kapiga simu kutoka mjini Dalian. Wamepata nyumba ya vyumba viwili. Watakuja kwa Mwaka Mpya wa jadi, na wakiondoka watawachukua watoto. Nikamwambia vizuri, hongera. Nikakata simu, nikakaa.

Suyin ana miaka saba. Hutou mitatu. Nimewalea tangu mama yao aliporudi kazini, Hutou hajaota hata jino. Mke wangu alishatangulia. Wakiondoka nabaki na jiko na redio.

Nina mpango. Mfarishi wa viraka vilivyoombwa kwenye nyumba mia. Mtoto akifunikwa nao haendi mbali, ndivyo walivyosema wakubwa wetu. Sijawahi kushona hata kifungo, lakini nilitunza stoo ya matrekta miaka thelathini. Kitambaa kitanishinda nini?

Jumatano, 8 Januari
Nimezunguka kijiji kizima. Moshi unatoka kwenye nyumba ishirini na tatu tu. Nyingine wenyewe wako mijini. Nimeamua kuhesabu vyumba badala ya nyumba, na jiko nalo ni chumba.

Sikutaka watu wajue nashona. Wangenicheka mpaka theluji iyeyuke. Nikasema natafuta matambara ya kuziba nyufa za dirisha. Wakanipa matambara ya kuziba nyufa za dirisha. Soksi. Mfuko wa simenti. Mzee Meng alinipa kitu alichokuwa akilalia nguruwe wake, akasema nisihangaike kukirudisha.

Alhamisi, 9 Januari
Miraba minne. Tunashonea juu ya kang, kitanda chetu cha udongo chenye moto chini yake, maana ndipo pekee vidole vinapokunjika. Hutou kavaa subana, kile kikinga kidole cha mshonaji, kwenye dole gumba la mguu na hataki kuivua. Suyin akauinua mraba wangu bora kuliko yote, akauzungusha.

“Babu, huu una pembe tano.”

Nikamwambia ndio mtindo. Akasema bibi yake mzaa mama ana cherehani. Sikumuuliza zaidi. Mraba wa tano nimeushona pamoja na suruali niliyoivaa.

Jumamosi, 11 Januari
Nimekumbuka jambo kubwa. Mfarishi bila kiraka cha ukoo wa Liu ni kazi bure, kwa sababu Liu ukilitamka ni sawasawa na neno letu la “baki”. Na nyumba ya Liu imebaki moja tu hapa, ya yule bibi wa ng'ambo ya ukuta wangu. Hatujasalimiana miaka sita, tangu ule ugomvi wa jogoo. Kumwomba siwezi.

Mchana alikwenda zahanati. Foronya yake ya maua mekundu ilikuwa kambani, imekauka kwa barafu kama ubao. Nilitaka kipande cha kiganja tu. Mkasi ukateleza, ukaenda na njia yake. Nimerudi na nusu ya foronya ndani ya koti.

Suyin akauliza imetoka wapi. Nikamwambia ni zawadi.

Jumanne, 14 Januari
Bibi Liu kaja, ile nusu nyingine mkononi. Suyin ndiye aliyemfungulia. Akamwambia babu ameifurahia sana zawadi yake. Nikatamani kuingia ndani ya jiko.

Hakutukana. Alipanda kwenye kang, akauvuta mfarishi, akatazama mishono kwa muda mrefu.

“Ulitaka kitambaa, Mzee Qiao, si ungesema?”

Nikasema foronya ilichanwa na upepo.

“Upepo wenyewe una mkasi?”

Halafu akaniambia, bila hasira yoyote, na heri angekuwa na hasira:

“Wanangu wanne, wote Liu. Tangu wazaliwe wamelalia vitambaa vya Liu, wamevaa vya Liu. Hebu nionyeshe mmoja aliyebaki.”

Akachukua sindano, akaufumua mraba wa pembe tano, akaanza kuushona upya. Hutou akampa subana kutoka mguuni. Mimi sijawahi kupewa.

Jumapili, 26 Januari
Guobin na mkewe Hailing waliingia jana. Mfarishi umekamilika. Bibi Liu alikuja kila siku kwa siku kumi na moja, na kusema kweli zaidi ya nusu ni mkono wake. Nimesema ni wangu wote.

Hailing aliupapasa, macho yakamlowa. Nikajua nimeshinda.

“Baba, umejitesa kweli. Na upepo wa baharini kule Dalian ulivyo mkali, utawafaa sana.”

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mfarishi nao unaondoka.

Jioni Guobin kaniambia tufuatane wote, nitalala sebuleni, tutabanana. Nikakataa. Nilikataa makusudi, ili asisitize, kisha aone huruma, kisha awaache watoto. Akasema sawa Baba, anaelewa, nimezoea nyumbani. Hakurudia tena.

Jumanne, 4 Februari
Wameondoka saa tatu asubuhi. Hutou alikuwa na furaha ya kupanda gari, hakugeuka. Suyin aligeuka. Alishusha kioo, akaniambia nisile chakula kilichopoa. Mfarishi ulikuwa kwenye dirisha la nyuma, maua mekundu yameelekea kwangu mpaka kwenye kona.

Kang ni pana mno. Nimewasha moto upande mmoja tu.

Bibi Liu kaleta supu ya kabichi chachu. Alikaa mpaka nikamaliza bakuli. Akaniuliza kwa nini nisimpigie Guobin nikamwambia kwamba nataka kwenda. Simu hiyo hapo, akasema. Maneno mawili tu. Nikamwambia nitalifikiria.

Alhamisi, 6 Februari
Nimelifikiria. Kosa nimeliona. Liu ni “baki”, neno la upole, mtu yeyote anaweza kulipuuza. Watoto watakuja likizo ya kiangazi, na ninao muda wa kutosha wa kushona mfarishi wa pili. Mzee Meng kaniambia kwamba kule mjini kwetu yuko fundi wa boila aitwaye Suo. Suo! Ukilitamka ni sawasawa na “kufuli”.

Bibi Liu kauliza tena kama nimepiga simu. Hayajui mambo haya.

Huyo Suo ana koti la pamba, la buluu, refu, kitambaa kizuri. Halivui mahali popote isipokuwa kwenye bafu la umma, kila Ijumaa saa nane mchana.

Kesho nakwenda kuoga.