Tabasamu Lilimtoka Zamani

Katibu alipolikaribia benchi la Mama Kahawa aliona karatasi yake inapita mkono kwa mkono, akatamani kurudi alikotoka. Ilikuwa karatasi ya kuomba michango. Aliiandika mwenyewe kwa niaba ya shirika linalowapa miwani mafundi wasioona vizuri, na tangu juzi ilikuwa imeenea mtaa mzima. Picha ya juu ilikuwa ya Fundi Viatu.

"Karibu, mwandishi!" alipaza sauti Kesho, aliyepewa jina hilo kwa sababu kila akidaiwa hela ya kahawa hujibu hivyo. "Kaa usikie ulivyomzika rafiki yetu." Akakohoa, akasoma kwa sauti ya msibani: "'Katika giza nene la umaskini, mzee huyu anasubiri mkono wako. Tabasamu lilimtoka zamani.'"

"Likaenda wapi?" aliuliza Mama Kahawa. "Jana tu kacheka mpaka kahawa yangu ikamtokea puani!"

Fundi hakucheka. Miwani mpya ilikuwa usoni, na mfuko wa nguo kuukuu ulikuwa miguuni pake.

"Mwanangu," alimwambia Katibu, "tangu karatasi hii itoke sijaletewa hata kandambili. Watu wanapita, wananitazama, wanatikisa kichwa, wananiachia mashati. Mmoja kaniletea uji! Viatu wanampelekea yule wa kona ya pili."

"Sasa nani ampe marehemu kiatu ashone?" Kesho alidakia.

Katibu alikuna kidevu. Hakuwa mtu wa kujibu haraka. "Nisamehe, mzee wangu. Nilitaka wasomaji waguswe."

"Wameguswa! Aliyeumia ni mimi. Andika upya, leo hii. Andika mimi ni fundi hodari, sijawahi kukosea."

"Thubutu!" Kesho aliruka kutoka kwenye benchi. "Hujawahi? Na siku ile, kabla ya miwani, uliposhona kiatu changu pamoja na aproni yako? Nakivaa, naaga, naondoka, kumbe nakuburuta!"

"Nilikufuata kwa sababu hukulipa!"

"Ulinifuata kwa sababu umejishona!"

Mama Kahawa aliweka birika chini, akashika mbavu. Hata Fundi alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka akavua miwani kujifuta machozi.

Katibu aliwatazama wote watatu. Kisha akaichukua ile karatasi, akaigeuza upande mweupe, akatoa kalamu.

"Weka yatima!" alishauri Kesho.

"Weka mvua, mvua inaliza," alisema Mama Kahawa.

Hakuweka. Aliandika, akafuta, akaandika tena, mpaka kahawa yake ikapoa. Kisha akasoma taratibu:

"'Kabla ya kupata miwani, fundi huyu alishona kiatu cha mteja pamoja na aproni yake, mteja akaondoka naye. Leo anaona tundu la sindano. Mpelekee kiatu. Halafu mkumbuke fundi mwingine, ambaye bado anajishona.'"

Fundi alivaa miwani.

"Umeniaibisha," alisema. Akafikiri kidogo. "Ila hapo kwenye 'mpelekee kiatu,' koleza wino."

Kesho alitazama miguu yake, akavua kiatu cha kulia kilichokenua mdomo, akamkabidhi Fundi. Kisha akafanya jambo ambalo kijiwe kile hakijawahi kuliona: akaingiza mkono mfukoni, ukatoka na noti.

"Huyo anayejishona," alimuuliza Katibu, "mchango wake napeleka wapi?"

"Nipe mimi, nitaufikisha ofisini."

Noti ikapokewa. Mama Kahawa aliitazama ikiishia kwenye mfuko wa shati la Katibu.

"Kesho! Na kahawa yangu?"

"Kesho, mama."

Mama Kahawa alivuta kigoda, akakaa mbele ya Katibu, akajitanda kanga hadi usoni.

"Mwanangu, usifunike kalamu," alisema. "Andika: 'Mama huyu, tabasamu lilimtoka zamani...'"