Karatasi ya Kumgeuza Bibi Mwalimu

Jumatatu, 5 Mei

Mkaguzi anakuja! Matroni ametutangazia asubuhi, hata sijamaliza kufunga vifungo vya sare. Wiki hii hii. Siku gani, hajui. Wakaguzi wa makao ya wazee hawapigi hodi. Ataangalia dawa, sakafu, kengele, karatasi, na wazee wenyewe kuanzia ukucha hadi utosi.

Halafu Matroni akasema neno. Mhudumu ambaye chumba chake kitampendeza mkaguzi kuliko vingine atapewa zamu ya mchana. Ya kudumu!

Nusura nipige vigelegele na beseni la choo mkononi.

Mwanangu, Kibonge, ana miezi mitano. Jumatatu ijayo zamu zinazunguka, naangukia usiku. Mama mkwe ndiye anayenilelea, na amesema wazi: mchana atamshika mjukuu wake hata mwaka mzima, usiku hapana, mgongo umekataa. Baba mtoto naye ni mlinzi wa ghala, usiku hayupo. Kwa hiyo ni zamu ya mchana au niache kazi. La tatu halipo.

Mpinzani ni mmoja. Dada Pasi wa Chumba cha Tatu. Jina nimempa mimi, moyoni mwangu. Anapiga pasi hadi soksi. Mashuka ya wazee wake yamekazwa kama ngozi ya ngoma. Karatasi zake hazina hata doa la chai. Zamu anaitaka ili awahi mazoezi ya kwaya. Kwaya! Mimi nyumbani nina mtu anayeimba sauti zote nne peke yake.

Changu ni Chumba cha Nne, vitanda viwili. Kimoja cha Bibi Kengele, mwenye nyonga ya bandia na kiti cha magurudumu, ambaye hubonyeza kengele hata akiota tu. Kingine cha Bibi Mwalimu, aliyefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na mitano hadi kiharusi kilipomlaza. Upande mmoja wa mwili umelala. Mdomo haujalala hata siku moja. Hawezi kujigeuza, kwa hiyo kila baada ya saa mbili tunamgeuza sisi: ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia. Asipogeuzwa, ngozi inachubuka pale alipolalia, halafu inaoza. Aliletwa kwetu na kidonda cha namna hiyo kiunoni, siku ile ile niliyorudi kutoka likizo ya uzazi. Tukaanza pamoja, yeye na kidonda chake, mimi na usingizi wangu. Kidonda kimefunga. Usingizi bado.

Chumba cha Nne kitashinda. Nimeapa kwa nepi za mwanangu.

Jumanne, 6 Mei

Mpango wa kwanza: sakafu. Mtu akiingia chumbani hukanyaga kabla ya kuuliza. Nimebeba kopo la polishi kutoka nyumbani, ile ya sebuleni ya mama mkwe, nikafika nusu saa kabla ya zamu. Nikapaka. Nikasugua. Nikaingia hadi chini ya vitanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ilipofika saa mbili sakafu inang'aa mpaka Bibi Kengele, ameketi kitandani, anajitazama humo na kuchana nywele.

Bibi Mwalimu akauliza mbona chumba kinanuka kama nyumba yenye posa. Nikamwambia hiyo ni harufu ya ushindi. Akasema tungoje matokeo.

Saa mbili na robo Matroni akaingia kwa mwendo wake wa haraka. Mguu wa kwanza ukakubali. Wa pili ukakataa. Akapita mbele yangu mikono ikiwa hewani, akatua kwenye kiti cha magurudumu cha Bibi Kengele, ambacho breki yake (ole wangu!) sikuifunga. Kiti kikampokea, kikageuka, kikatoka naye mlangoni, kikateremka korido hadi Chumba cha Tatu. Dada Pasi akampokea kwa mikono miwili. Akampa na maji!

Hakuumia. Alhamdulillahi, hakuumia. Alirudi kwa miguu yake, akishika ukuta. Hakunifokea, ingekuwa afadhali. Aliniuliza tu, ikiwa yeye mwenye nyonga zake mbili za kuzaliwa ameteleza, je, Bibi Kengele? Nikamwona bibi yangu akishuka kitandani peke yake, kama anavyopenda kufanya akidhani sioni. Nikaenda kuchukua ndoo.

Nimesugua polishi kwa maji ya moto na sabuni hadi saa tisa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Zangu zimeishia kwa Dada Pasi.

Jumatano, 7 Mei

Magoti hayakunjiki. Kibonge ameota jino, au anasingizia.

Leo Matroni kapitia karatasi zetu. Kila kitanda kina yake, imebanwa kwenye kibao miguuni: saa aliyogeuzwa, upande aliolazwa, sahihi ya aliyemgeuza. Ya Bibi Mwalimu ina mianya kama meno ya Kibonge. Jana mistari miwili mitupu. Juzi mmoja. Nikaapa kwamba nimemgeuza. Matroni akasema kisichoandikwa hakikufanyika. Dada Pasi, aliyekuwa anapita kwa bahati mbaya ya makusudi, akaongeza kwa sauti ya asali kwamba, shoga yangu, karatasi haijazwi kwa nia njema.

Nimemgeuza! Sijawahi kumruka hata mara moja. Ila sitazami ukutani kujua saa. Saa yangu ni Kibonge. Kila baada ya saa mbili maziwa hunijaa, kifua kinauma, nakwenda stoo ya mashuka kukamua nimpelekee. Kabla ya kwenda, namgeuza Bibi Mwalimu. Halafu natoka mbio nikishika kifua. Mtu wa namna hiyo kalamu ataishika kwa mkono gani?

Mpango wa pili umenijia nikiwa stoo. Mwepesi hadi nimejicheka. Kwa nini karatasi isubiri saa ifike? Kesho nikiingia tu, najaza mistari yote mitano kwa mkupuo mmoja: saa mbili, saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Kalamu naiweka. Kutwa nzima mikono yangu ni ya wazee. Ajabu hakuna aliyeliwaza hili kabla yangu.

Alhamisi, 8 Mei

Nimejaza. Mwandiko wa kupendeza, kila mstari na maelezo yake. Saa kumi nikaandika: amelazwa ubavu wa kushoto, yu salama, amefurahi. Bibi Mwalimu akataka asomewe. Nikamsomea. Akauliza saa kumi atakuwa amefurahia nini. Nikamwambia tutaona.

Saa nne kasoro dakika kumi, mkaguzi huyo mlangoni! Mwanamke mfupi, viatu vya raba, sauti ya chini kama ya mtu anayembembeleza mtoto. Hao ndio wa kuogopwa. Matroni nyuma yake. Nyuma ya Matroni, Dada Pasi, eti analeta vikombe.

Akakanyaga sakafu, akazungusha kisigino. Hakikuteleza. Akaandika. Akamwomba Bibi Kengele abonyeze kengele. Nikawa nimeshafika. Bibi Kengele akamlalamikia kwamba mimi huja hata hajakumbuka anachotaka, ni kero. Akaandika. Nikaanza kuiona zamu ya mchana, ina mabawa, inakuja kwangu.

Kisha akachukua kibao cha Bibi Mwalimu.

Akasoma. Akaitazama saa yake ya mkononi. Akaipeleka sikioni. Kisha, kwa upole ule ule, akaniuliza kama huku kwetu saa kumi ya leo imekwisha kupita.

Matroni akafumba macho. Vikombe vya Dada Pasi vikagongana.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa kitanda kimoja. Nikasema kweli yote, nimejaza asubuhi, nilidhani nitaokoa muda. Zamu ikaruka dirishani, nikaona na kazi inajiandaa kuifuata.

Ndipo Bibi Mwalimu akamwita mkaguzi, kwa sauti ile ya kunyamazisha watoto sitini. Akamwambia karatasi ya binti huyu ni ya uongo, amwekee sifuri, kwa kalamu nyekundu, wala asimwonee huruma. Lakini mgongo wake yeye haujasoma karatasi. Aufunue autazame.

Mkaguzi akavaa glavu. Akatazama visigino. Nyonga. Kiuno. Mabega. Akabonyeza ngozi kwa kidole, akangoja, akabonyeza pengine. Pale palipokuwa na kidonda pana kovu dogo, kavu, safi. Hakuna wekundu popote. Nilikuwa sijapumua tangu glavu.

Bibi Mwalimu akasema msichana anadanganya kwa kalamu, kwa mikono hadanganyi. Wa usiku humgeuza kwa kengele ya simu, wa mchana humgeuza kwa kitu asichokijua, ila hajakosa.

Mkaguzi akanigeukia. Kama siandiki na sitazami saa, muda naujuaje?

Kabla sijafungua mdomo, kifua kikajibu. Madoa mawili ya maziwa, mbele ya sare, mbele ya serikali! Bibi Kengele akapiga makofi, akatangaza kwamba hiyo ni saa nne. Mkaguzi akatazama saa yake. Saa nne kamili.

Ningekufa kwa aibu, lakini saa nne ni saa nne. Nikamwambia mkaguzi samahani, anipishe kidogo. Nikamgeuza bibi yangu ubavu wa kulia, nikamwekea mto katikati ya magoti, nikanyoosha mkunjo wa shuka chini ya nyonga. Kisha nikakimbilia stoo. Nikakamua huku nalia. Chupa ilijaa kuliko siku zote.

Ijumaa, 9 Mei

Sikufukuzwa!

Matroni kasoma ripoti ya mkaguzi huku amekaa. Chumba cha Nne: ngozi ya wazee ni safi kuliko zote alizoziona mwaka huu. Kumbukumbu za maandishi: za utabiri. Neno lenyewe ndilo hilo, utabiri. Napewa barua ya onyo. Napewa na zamu ya mchana, kwa miezi mitatu ya majaribio, kwa sababu mkaguzi ameandika kwamba mkono uliofunga kidonda usiondolewe. Sharti moja: kila mstari ujazwe kwa saa yake. Nikikosea tena, hakuna zamu, hakuna kazi.

Nilimkumbatia Matroni. Akaniambia nimemlowanisha. Kweli, nilikuwa nimemlowanisha.

Na Chumba cha Tatu? Karatasi, mia kwa mia. Ila mashuka ya Dada Pasi yamekazwa mno, bibi wa kitanda cha pili hawezi hata kuchezesha vidole, na mkaguzi ameona wekundu kwenye visigino vyake. Umeonwa mapema, utaondoka. Nilijiandaa kufurahi. Nikamkuta Dada Pasi stoo, kakumbatia furushi la mashuka, machozi yanamdondoka juu ya mikunjo. Nikamwambia dada, legeza miguuni, wekea mto mdogo chini ya mashavu ya miguu, visigino vielee. Tukaenda wote tukaviwekea. Bibi wa watu akachezesha vidole vyote kumi, akacheka.

Nyumbani mama mkwe kacheza na Kibonge hadi mgongo ukasahau kuuma. Kisha akakumbuka kuuliza polishi yake iko wapi.

Jumamosi, 10 Mei

Matroni ameagiza nifundishwe kujaza karatasi. Na nani? Na Dada Pasi. Saa nzima! Kaleta rula. Kanifunga kalamu shingoni kwa uzi, kama mtoto wa chekechea. Akanitaka nirudie kama shairi: geuza, tazama, andika, ndipo uondoke. Bibi Mwalimu kutoka kitandani anasahihisha matamshi. Bibi Kengele anapiga kengele kila nikikosea.

Nimeapa mbele yao wote watatu. Tena kutoka moyoni. Sijazi tena kitu kabla ya wakati wake. Somo limeingia, limekaa, limevua viatu.

Jumatatu, 12 Mei

Siku ya kwanza ya zamu yangu ya mchana. Imekwenda vizuri mno. Nimejaza kila mstari kwa saa yake, sikuruka hata mmoja. Kalamu ilikaa shingoni. Bibi Mwalimu kanipa tisa juu ya kumi. Dada Pasi kanisifu, kwa shida. Hakuna aliyeteleza. Nimerudi nyumbani mapema, Kibonge amelala bila kulia.

(Naandika haya Jumapili alasiri. Mtoto kalala, mikono iko huru, na kesho nani anajua kama nitapata nafasi?)

Jumanne, 13 Mei

Kama jana.