Karatasi Inayochagua Maji

Kwa taadhima kubwa, na baada ya kupenga kamasi, mwandishi anawatangazia walimwengu tukio ambalo halijapata kutokea katika historia ya sanaa. Lilitokea bweni la tatu, kati ya kamba ya kuanikia soksi na ndoo iliyotoboka. Mwandishi hahusiki. Anaandika kwa sababu anapenda ukweli.

Mwalimu wa sanaa alikuwa ametoa kazi: kila msichana wa kidato cha tatu achore picha moja, kwa rangi ya maji, kwa mkaa au kwa wino, na karatasi ajichagulie mwenyewe.

"Sitawaambia ipi inafaa nini," alisema. "Nimesema muhula mzima. Aliyekuwa anasinzia atajijua."

Mshindi angetoka shuleni siku tatu kwenda kupamba ukuta wa maktaba ya mji. Siku tatu nje ya geti! Kwa ajili ya hizo, bweni la tatu lingeuza shangazi zake, na shangazi wenyewe wangeelewa.

Bahati mbaya, muhula mzima darasa lilikuwa limelala kama magunia. Aliyekuwa macho ni msichana mmoja tu, tena kwa nusu saa, alipokuwa akitafuta pini yake chini ya dawati. Alijiita Daktari tangu alipomtibu mwenzake kikohozi kwa dawa ya meno. Mgonjwa alipona, kwa hofu ya kutibiwa tena.

Huko chini ya dawati Daktari alisikia jambo moja: karatasi hazilingani. Hilo likamtosha kufungua biashara.

Nyuma ya shule kuna kiwanda cha kuchapa magazeti, na mabaki ya karatasi hutupwa karibu na uzio wetu. Daktari aliyavuta kwa fagio, akayakata vizuri, akayatia kwenye bahasha zilizoandikwa Rangi ya Maji, Mkaa, na Wino. Ndani, karatasi ilikuwa ileile: ya kijivu, nyembamba, ukiikoholea inapata homa. Bei ilikuwa kikombe cha sukari kwa kila karatasi.

Wa kwanza kufika alikuwa kiranja mkuu, tuliyemwita Malkia kwa jinsi alivyotembea kana kwamba kuna mtu nyuma anamshikia pindo.

"We Daktari, mbona zote zinafanana?"

"Dada yangu, pacha nao wanafanana. Utaolewa na yeyote tu?"

"Usinizungushe. Nitajuaje kama hii inastahimili maji?"

Daktari alikuwa na kielelezo: karatasi nene, nyeupe, yenye vipele kama ganda la limau. Aliiazima kabatini kwa mwalimu bila kumsumbua mwalimu kwa kumwambia. Akaimwagia kijiko cha maji. Haikujikunja. Katikati, matone yakajiviringa kama shanga, yakateleza hadi kwenye blanketi.

"Umeona? Inachagua maji ya kunywa."

Malkia akameza mate. "Basi nipe hiyohiyo."

"Ah, dada! Daktari anauza kipimo chake?"

"Nipe nne za bahasha. Na wengine wakija, waambie za maji zimeisha. Sitaki ushindani wa kishamba."

"Kufunga mdomo, dada, ni vikombe viwili zaidi."

Malkia akalipa. Wanane waliofuata nao walilipia mdomo huohuo ufungwe, na wote wakaondoka wakitabasamu, kila mmoja akiwahurumia wenzake kwa ujinga wao.

Siku ya kazi ilipofika, mwalimu aliketi mbele akitazama. Malkia alichovya brashi, akaanza bahari. Bahari ikavimba, ikatoboka, ikaacha shimo ambamo meza ilionekana vizuri kabisa. Akachukua karatasi ya pili. Shimo la pili. Waliochagua wino walichora nywele zikageuka misitu. Waliopona ni wa mkaa peke yao, kwa sababu karatasi ya gazeti huupokea mkaa vizuri sana. Daktari alikuwa amewauzia kitu halali bila kukusudia, na hilo lilimwuma.

"Daktari!" Malkia alifoka, vidole vikiwa bluu. "Karatasi gani hii?"

"Dada, umeitia hofu. Karatasi inataka utulivu."

Yeye mwenyewe alitandaza kile kielelezo, siku tatu zake zote zikiwa juu yake. Akapaka anga pana ya bluu. Ikapokea rangi vizuri ajabu, ila katikati, ambako rangi ilikataa kushika. Kadiri alivyoongeza, ndivyo herufi nyeupe zilivyotokeza, kubwa, wazi, hadi dawati la mwisho wakasoma kwa pamoja: MALI YA MWALIMU. RUDISHA KABATINI.

"Niliandika kwa mshumaa," mwalimu akasema. "Mwaka huu karatasi zangu tisa zimetoka kabatini kwa miguu yao. Na somo la nta kukataa maji nililifundisha, mwanangu. Ulikuwa chini ya dawati."

Malkia alicheka kuliko wote, kisha akaangalia mashimo yake, akaacha. Siku tatu zikaenda kwa msichana mkimya aliyechora kwa mkaa ile ndoo iliyotoboka. Daktari akaamriwa kurudisha sukari yote, na aliyeona yote yaliyotokea akaamriwa kuyaandika, kwa wino, kwenye karatasi ya bahasha ya Wino.

Mwandishi alidhani ataishia hapa kwa heshima. Lakini mwalimu amesimama nyuma ya kiti changu, anasoma.

"Umejuaje kwamba Daktari alikuwa anatafuta pini?"

Wino unasambaa, sioni ninachoandika. Haya. Ni mimi. Pini sijaipata mpaka leo. Sukari iko ndani ya buti la mvua, la kushoto, imepungua kidogo. Nilikuwa naionja.