Machipuko Yataanza Saa Tatu Kamili

Idara ya Elimu ya Wilaya iliwatangazia walimu, wazazi na wanafunzi wote wa shule za msingi kwamba mwaka huu majira ya machipuko yataanza Jumatatu, tarehe ishirini na tano Machi, saa tatu kamili asubuhi, mara tu baada ya hotuba ya Mkurugenzi. Kabla ya hapo hakuna darasa lililoruhusiwa kuotesha maharage kwenye chupa, kuchora maua, wala kuhesabu machipukizi. Waraka ulikuwa na kurasa kumi na moja. Aliyeuandika ni mkaguzi Dencho Karabelov, mtu wa miaka hamsini na nane, mpole, ambaye hajawahi kuvuka barabara taa ikiwa nyekundu, hata siku ambayo barabara yenyewe ilikuwa imefungwa.

Hakuuandika kwa ubaya. Mwaka uliotangulia kila shule ilianza machipuko kivyake, na Mkurugenzi, Bwana Asparuh Mindov, alipofika na wapiga picha kuyazindua, alikuta kila mahali pameshachanua. Alinuna wiki nzima.

Tarehe kumi na nne zikaja habari mbaya. Katika kijiji cha Dolna Sliva, watoto wa shule walikuwa wamevua martenitsa zao, zile nyuzi nyekundu na nyeupe ambazo kila mtu huzifunga mkononi siku ya kwanza ya Machi na kutozivua mpaka aone korongo au mti uliochanua, ndipo azitundike mtini. Waraka, ukurasa wa nne, ulisema wazi: korongo atakayeonekana kabla ya tarehe ishirini na tano hatahesabiwa kuwa ameonekana. Karabelov akachukua gari la ofisi, fomu na muhuri.

Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye watoto kumi na tisa. Sheria ilitaka ishirini. Miaka mitatu Idara ilikuwa imefumba macho, lakini kila mtu pale kijijini alijua kwamba mkaguzi akiamka vibaya anaweza kuifunga kwa mstari mmoja wa kalamu. Kwa hiyo Mwalimu Rusanka Tsoneva alimpokea langoni na sahani ya banitsa, jibini ikiwa bado inachemka ndani ya tabaka za mkate wake. Karabelov aliikataa kwa mujibu wa kanuni, kisha akaila kwa sababu ilikuwa ya moto.

Uani mplamu ulikuwa mweupe toka juu mpaka chini, na nyuzi za watoto zilining'inia matawini. Karabelov aliuzunguka mara mbili, akaandika: "Mti mmoja. Unashukiwa kuchanua." Kisha akaomba aletewe shahidi. Akaletwa Zlatina, miaka minane, ambaye ndiye aliyemwona korongo.

"Ulimwona wapi?"

"Juu ya bomba la moshi, kwa bibi."

"Una hakika alikuwa korongo?"

"Alikuwa na miguu mirefu, myekundu."

"Wako wengi wenye miguu mirefu."

Zlatina akafikiri. "Ndiyo, babu, lakini hawasimami kwenye bomba."

Kazini hakuna aliyewahi kumwita babu. Karabelov akakohoa, akaishika kalamu vizuri. "Alikuja kukaa, au alikuwa anapita tu?"

"Alikuwa anakula chura."

Akaandika: "Anapita."

Ndani ya darasa mambo yalikuwa mabaya zaidi. Dirishani zilipangwa chupa kumi na tisa, kila moja na harage lake juu ya pamba yenye maji, na yote yalikuwa yameota bila kibali. Watoto walikuwa wakiyapima kwa rula, ndimi nje, wakigombana la nani limelipita la mwenzake. Karabelov aliamuru yafungiwe kabatini hadi tarehe iliyotangazwa. Mwalimu Rusanka aliuliza, kwa heshima zote, kama maharage nayo yaandikiwe barua ya kuacha kuota, au yataelewa yenyewe. Mkaguzi akajibu kwamba jambo hilo atalitazama kwenye viambatisho.

Sasa ikabaki hukumu. Machipuko yakiwa yameanza pale, hilo ni kosa, na kosa kwenye shule ya watoto kumi na tisa maana yake ni kufuli. Karabelov aliwatazama wakibeba chupa zao kwenda kabatini kwa mikono miwili, kama watu waliobeba mayai. Akafungua Waraka, akatafuta huruma, akaipata ukurasa wa tisa: penye korongo anayebishaniwa, machipuko husubiri mpaka athibitishwe. Korongo hajathibitishwa, kwa hiyo machipuko hayajaanza, kwa hiyo hakuna kosa. Akaandika kwamba Dolna Sliva iko kwenye majira ya baridi hadi Idara itakapomthibitisha korongo kwa maandishi, akagonga muhuri. Watoto wakafungwa nyuzi zao upya. Mwalimu Rusanka aliusoma uamuzi ule mara mbili, akaomba nakala.

Theluji ilianza Jumapili mchana, siku moja kabla ya uzinduzi. Watu walisema Bibi Marta, yule kikongwe wa hadithi mwenye mwezi wa Machi, kaudhika na sijui nani. Jumatatu asubuhi ilifika magotini. Bwana Mindov aliyazindua machipuko saa tatu kamili, chini ya mwavuli, akisifu joto la jua mbele ya wapiga picha wawili waliovaa glavu. Saa tatu na dakika moja mitambo ya joto ya Idara ikazimwa, kwa kuwa Waraka, ukurasa wa kumi na moja, uliamuru hivyo pindi machipuko yanapoanza.

Mkurugenzi akataka iwashwe. Karabelov alimweleza, kwa uchungu wa kweli, kwamba kubadili Waraka kunahitaji kikao cha kamati, na kamati imejaribu kukaa ikashindwa, viti ni barafu. Katika wilaya nzima palibaki mahali pamoja tu penye haki ya kuwasha moto kisheria.

Saa sita waliwasili Dolna Sliva, wakubwa sita, Karabelov miongoni mwao, kwenye magari mawili. Jiko la kuni lilikuwa linanguruma. Mwalimu Rusanka aliwazuia mlangoni, akasema anasikitika sana, ila Idara imekataza mtu asiye mwanafunzi kuingia wakati wa masomo. Labda kama wangependa kujiandikisha.

Bwana Mindov, ambaye meno yake yalikuwa yakigongana, alitia saini wa kwanza. Wanafunzi wakafika ishirini na watano, na kwa kanuni za Idara jina likishaingia halifutwi hadi mwisho wa mwaka. Karabelov akagonga muhuri kila jina, taratibu, kama mtu anayekula kitu kitamu.

Kabati lilikuwa limefunguka lenyewe. Maharage yalikuwa yamesukuma mlango. Mkurugenzi aliketishwa kwenye kiti kidogo, magoti karibu na masikio, akapewa rula na harage la Zlatina. Alipima vibaya. Zlatina akamwambia aanzie kwenye sifuri.

Baada ya nusu saa joto na chai vikafanya kazi yake. Bwana Mindov akajinyonganyonga, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba kutoka nje."

Mwalimu Rusanka akatazama saa ya ukutani.

"Subiri kengele, Asparuh."