Boma la Nyabikondo na Mapangaboi ya Upepo

Jumatatu, 5 Juni 2023

Leo nimezaliwa upya! Wamekuja watu wa umeme wa upepo. Gari jeupe, vyombo vya kupimia, kofia ngumu. Kiongozi wao ni mwanamke, Injinia Beryl, mzaliwa wa Kisumu, mrefu, msemaji wa taratibu. Wanatafuta mahali pa kusimika mapangaboi makubwa ya kuzalisha umeme. Ambaye pangaboi litasimama shambani kwake atalipwa kila mwaka, awe amelala au yuko macho. Kazi ya kulala naiweza.

Shamba langu linapanda hadi kileleni mwa Kilima cha Nyabikondo. La jirani yangu Athanas, mwenye duka hapa Nyamwaga, liko mgongo wa nyuma. Athanas ananizidi kila kitu. Ng'ombe, bati, hata kwaya yeye ndiye anaanzisha. Lakini kilele ni cha Mniko, yaani mimi!

Tatizo ni moja. Kileleni kuna boma la mawe. Babu zetu walilijenga kuzuia wavamizi, na wakati wa vita vya kwanza vya dunia askari wa Mjerumani wakachimba handaki ubavuni mwake. Injinia akauliza ni nini kile. Nikamwambia ni zizi la mbuzi. Akautazama ukuta uliomzidi kimo. Akauliza hao mbuzi walikuwa na ukubwa gani.

Nikasema wa zamani walikuwa wakubwa.

Jumanne, 6 Juni

Nimepanda na injinia, nikimbebea mlingoti wa kupimia. Juu ukafungua vikombe vyake vidogo, vikazunguka hadi sivioni tena. Akacheka peke yake kama mtu aliyepata habari njema. Kwa Kiswahili chake cha ng'ambo ya mpaka akasema, "Hii upepo haichoki, mzee. Inatoka ziwani, inabanwa na hizi milima, inafika hapa ikiwa na hasira."

Maisha yangu yote nimeulaani upepo huu. Umenibebea bati mara ngapi! Leo nimesimama nimeuachia mdomo wazi. Kumbe siku zote alikuwa anapita mgeni mkubwa, nami nafunga dirisha.

Jioni mke wangu, Agustina, kanipa habari. Athanas kapanda pikipiki kwenda Mugumu kumwita ofisa wa malikale. Anataka boma lipigwe marufuku kuguswa, ili mapangaboi yahamie mgongo wa nyuma. Kwake! Fisi yule.

Jumatano, 7 Juni

Ofisa amefika. Anaitwa Filemoni, Mwikoma kwa kabila, kazaliwa karibu na ngome ya Mjerumani kule kwao Serengeti. Mpole. Akaeleza kwamba boma likithibitishwa litahitaji mlinzi mwenye mshahara, na wageni wataanza kuja.

Mshahara! Papo hapo nikageuka. Nikamwambia ukoo wetu umelilinda boma hili tangu enzi na enzi, na kwamba usiku nasikia askari wakipiga kwata. Nikamfukulia kijiko cha Mjerumani, nilichokipaka majivu na kukifukia mwenyewe yeye alipokuwa akinywa chai. Akakifuta, akakigeuza. Nyuma kimeandikwa jina la hoteli ya Isebania, hapo ng'ambo ya mpaka. Akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima. Ingekuwa nafuu angenitukana.

Kisha akaniita ukutani. Akasogeza majani, likatokea tundu dogo kati ya mawe, nje jembamba, ndani pana. Akaniambia nichungulie. Ee Mungu wangu! Nchi yote ikaingia katika tundu lile. Migomba, barabara nyekundu, moshi wa jikoni kwangu, hadi utepe wa Mto Mara kule mwisho. Mtu mmoja aliyelala hapa aliwaona adui wakiwa bado saizi ya siafu. Na mawe hayana hata tope la kuyashika! Yameshikana yenyewe. Nimechunga hapa tangu utoto. Sijawahi kuinama.

Ijumaa, 9 Juni

Balaa. Beryl na Filemoni wamekutana kileleni. Mmoja kaambiwa zizi, mwingine kaambiwa ngome, na msemaji ni mmoja. Nikajitupa handakini. Nikawasikia wakibishana, si kwa ugomvi. Beryl akisema watoto huku wanasomea vibatari wakati upepo unapita bure. Filemoni akasema ukuta ukishabomolewa hakuna fundi wa kuurudisha. Wote wawili wana haki. Inachosha, kusikiliza watu wote wenye haki.

Wamekubaliana mkutano wa kijiji uamue Jumatatu.

Nikafikiri. Handaki limejaa udongo, linaonekana kama mtaro wa shule. Likifukuliwa, ngome itatisha, na ulinzi utakuwa wangu. Lakini nani achimbe? Huku tuna homa ya dhahabu. Vijana wamehamia maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, hata kupalilia hawataki. Ndipo akili ikaniwaka! Nimepita gulioni, nikamnong'oneza kijana mmoja kwamba Mjerumani alipokimbia aliacha dhahabu handakini. Watachimba bure. Mimi ni mtu hatari.

Jumamosi, 10 Juni

Nimechoka, lakini naandika.

Alfajiri kilima kilikuwa cheusi kwa watu. Pikipiki za Sirari, wachimbaji wa maduara yote, akina mama wa maandazi. Wanapiga kelele kwamba duara limetema dhahabu! Handaki liliwatosha kwa muda mfupi tu. Kisha mtu akasema dhahabu imo ukutani. Mitaimbo ikaingia kwenye mawe. Athanas naye yumo, kavua shati!

Nikapanda juu ya jiwe. Nikapaza sauti kwamba hakuna dhahabu, ni uongo, nimeutunga mimi.

"Muoneni!" kijana mmoja akajibu. "Wewe mura, unataka ubaki uchimbe peke yako!"

Wakaongeza kasi. Maisha yangu yote nikidanganya naaminiwa. Leo nimesema kweli, nikafukuzwa kwa sululu.

Sehemu ya ukuta ikaanguka. Haikupiga kelele kubwa. Iliguna tu, kama mzee anayekaa chini. Nikalia, sioni haya kuandika. Nilitafuta tundu langu, sikuliona.

Halafu wa mbele wakanyamaza. Ukimya ukaja nyuma kama wimbi, hadi kwa wauza maandazi. Chini ya mawe alikuwa mtu. Mifupa, amelala ubavu, magoti kayakunja. Kiunoni chuma cha mkanda kilicholiwa na kutu. Sululu zikawekwa chini polepole. Mmoja akavua kofia, wote wakavua. Athanas akauliza kwa sauti ndogo kama ni wa kwetu, ama askari wa Mjerumani, ama wa Mwingereza.

Agustina akapita katikati yao. Akavua kanga yake, akamfunika.

"Ni mtoto wa mtu," akasema.

Hapo upepo ukaja, ukaingia kwenye matundu yaliyobaki. Boma likalia. Sauti nene, ndefu, kama pembe ya kuitana vitani. Nywele zilinisimama hadi za miguuni.

Hakuna aliyetoa amri. Mchimbaji mmoja aliinua jiwe akalirudisha. Mwingine akampokea. Tukapanga mstari, mawe yakipita mkono kwa mkono, Filemoni akielekeza, Beryl kakunja suruali, mimi na Athanas bega kwa bega. Kabla ya jua kuzama ukuta ulikuwa umesimama. Umepinda kidogo, lakini umesimama.

Jumatatu, 12 Juni

Mkutano. Mapangaboi yatakwenda mgongo wa nyuma. Beryl alisema wazi kwamba kule upepo ni mdogo kidogo, nao watakubali hasara hiyo. Nyaya zitapita chini ya ardhi, mbali na boma. Marehemu kazikwa pale pale, kwa sala. Watu wakapiga makofi.

Athanas kapata mapangaboi. Mlinzi wa boma mwenye mshahara kachaguliwa kwa sauti moja: Agustina. Nilikuwa nimeshasimama kushukuru. Nikajifanya nanyoosha mguu.

Jumamosi, 7 Septemba 2024

Sijaandika siku nyingi. Nilikuwa bado nanyoosha mguu.

Leo pangaboi la kwanza limezunguka! Panga lake moja lilipofika kwa lori lilikuwa refu kuliko kanisa letu, na leo nimeona matatu kama hayo yakipita mawinguni bila haraka, yakisema hooo, hooo. Ng'ombe waliacha kula. Bibi mmoja alipiga magoti. Beryl alishika mdomo kwa mikono miwili, yeye aliyejua hesabu zake zote. Mbele ya pangaboi boma lile lile, na Agustina mlangoni amevaa sare. Kiza kilipoingia taa zikawaka Nyamwaga nzima. Sikuwa najua tuko wengi hivi.

Mchana nilikuwa nimetazama mapanga hadi shingo ikauma. Na hapo ndipo nilipoona jambo. Kivuli cha panga kiliponipitia mgongoni, maumivu yalipungua. Kweli kabisa! Au karibu na kweli. Nimeshamdokeza mama mmoja wa Isebania mwenye kiuno kibovu, kasema atakuja na kikundi chao chote cha kanisa. Kesho napeleka mabenchi.

Uwanja ni wa Athanas, sikatai. Lakini kivuli hakina hati.