Uzinduzi wa Ofisi ya Arubuni, Kasokola

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, waheshimiwa wajumbe, Mheshimiwa Katekista, waheshimiwa wanakwaya, waheshimiwa mliokuja kwa baiskeli na waheshimiwa mliokuja kwa miguu. Mimi Enoka, Mratibu Mkuu wa Mpango Shirikishi wa Usuluhishi wa Arubuni za Mashamba, nimetoka mjini Mpanda kwa gharama zangu, ukiondoa zile mlizochanga nyie, ili nizindue ofisi hii ya kisasa ndani ya mwaka huu wa 1997. (Makofi ya wastani.)

Arubuni, kwa wale ambao hawakuhudhuria semina, ni kile kianzio anachotoa mnunuzi ili shamba asiuziwe mwingine, na biashara ikivunjika ndipo watu wanashikana mashati, jambo ambalo kitaalamu tunaliita kero. Fizibiliti stadi niliyoifanya mwenyewe inaonyesha kwamba mashauri yaliyoletwa kwangu yametatuliwa kwa asilimia mia moja, yaani lile moja. (Vicheko.)

Shauri lenyewe mnalijua. Mama Specioza, mjane wa hapahapa, alikubaliana na Bwana Fabiani, fundi cherehani wa Majengo, amuuzie ekari mbili. Fabiani akatoa arubuni elfu arobaini, wakaandikishana kwenye karatasi ya daftari kwamba salio lilipwe mwisho wa Juni. Juni ikaisha, malipo ya tumbaku anayolima pembeni ya cherehani yakachelewa, salio halikuonekana. Fabiani akataka arubuni yake. Mama akajibu kwamba aliyeshindwa ni mnunuzi, na hela ilishalipa ada ya binti yake Joséline. Miezi kumi na mmoja hawakusalimiana, na wote wawili ni wa kwaya moja. Hapo ndipo ofisi yangu ilipoingilia kati kistratejia.

(Mama Specioza anasimama: “Mratibu, samahani. Wewe ulituambia tusubiri fomu.”)

Ndiyo, mama, na kusubiri ni hatua ya kwanza ya usuluhishi.

(“Tulisubiri hadi nikachoka. Unajua ilivyo kuimba sifa za Mungu huku umempa mtu mgongo? Siku moja baada ya mazoezi nikamwambia, Fabiani, hela sina, shamba ninalo. Lima ekari moja misimu miwili, tuseme yamekwisha.”)

(Fabiani, akiwa amekaa: “Nikamwambia, shemeji, mimi nilidhani unanicheka. Nilikuwa naona aibu kwa kushindwa kulipa, ndiyo maana nikawa mkali. Tukapeana mikono. Mwaka huu nimevuna magunia tisa, moja nimempelekea yeye.”) (Makofi marefu, vigelegele kutoka upande wa kwaya.)

Nashukuru kwa ushuhuda huo, unaothibitisha kwamba wananchi wakiachwa bila huduma yangu kwa muda wa kutosha, huduma yangu inafanikiwa. (Vicheko.) Kwa mafanikio hayo tumeazimia, kwa mkakati wa awamu nne, kuwa na ofisi ya vyumba sita, chumba cha kompyuta, na chumba cha kusubiria fomu, nami naahidi kwamba kutoka Kabungu hadi hapa hakuna arubuni itakayolala bila kuamshwa.

Semeni pamoja nami: Arubuni! (“Irudi!”) Makubaliano! (“Yaandikwe!”) Mratibu! (Mtu mmoja anakohoa.)

Kwa kumalizia, nawashukuru wote kwa michango yenu, na kipekee namshukuru Mzee Nestori, mwenye kiwanja hiki, ambaye nilimpa michango hiyo yote kama arubuni mwaka juzi, nikashindwa salio, na sasa yeye anasema harudishi na mimi nasema atarudisha; lakini kwa utu wake ametukubalia tusimame humu kwenye karanga zake hadi saa tisa. Sasa ni saa tisa kasorobo. Naomba tutoke kwa kupita kwenye matuta, na kama Mama Specioza na Bwana Fabiani wana nafasi, wabaki kidogo watusuluhishe.